Somo la Kompyuta: Kuchagua Kioo cha Michezo

Vijana wengi wa siku hizi hupenda michezo ya kompyuta, hasa ya mpira wa miguu na mbio za magari. Si jambo baya, mradi masomo yatangulie. Lakini madukani huuzwa vioo vya kompyuta, yaani monita, vilivyoandikwa 75 Hz, 144 Hz hata 240 Hz, na aghalabu tarakimu ikipanda, bei nayo hupanda. Fedha za mzazi wa Tarime hutokana na kahawa, mahindi, ng'ombe, mshahara au biashara ndogo. Si vema zipotee kwa ajili ya tarakimu isiyoeleweka. Basi yafaa tujue maana yake.

1. Maana ya Hz

Picha iliyo katika kioo haitembei hata kidogo. Tuonacho ni picha nyingi zilizosimama, zikifuatana upesi mpaka jicho huziona kama mwendo mmoja. Sinema huonyesha picha 24 kwa kila sekunde. Televisheni ya Zanzibar, iliyoanza mwaka 1973 ikiwa ya rangi, ilitumia mtindo wa picha 25 kwa sekunde. Vioo vingi vya kawaida vya kompyuta hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde.

Hesabu hiyo ya mara ngapi kwa sekunde hupimwa kwa Hertz, jina la mtaalamu wa Ujerumani, Heinrich Hertz, nayo huandikwa Hz kwa kifupi. Kioo cha 144 Hz chaweza kubadilisha picha mara 144 kwa sekunde moja.

Angalia jambo moja. Nyuma ya kioo mara nyingi kuna karatasi iliyoandikwa "100-240V, 50/60Hz". Hizo ni habari za umeme unaoingia, wala si kasi ya picha. Umeme wa TANESCO ni wa 50 Hz, na kioo cha 144 Hz hufanya kazi nao bila taabu. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwa kukuonyesha "240" iliyo katika karatasi hiyo.

2. Faida yake kwa hesabu

Tutazame mfano wa Filbert Bayi. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, akavunja rekodi ya dunia. Wastani wa mwendo wake ulikuwa mita 7 na kidogo kwa sekunde. Je, baina ya picha moja na ya pili, mkimbiaji wa mwendo huo husogea kiasi gani?

Kwa picha 24: sentimita 29 hivi.
Kwa picha 60: sentimita 12 hivi.
Kwa picha 144: sentimita 5 hivi.
Kwa picha 240: sentimita 3 hivi.

Twaona kwamba picha zikiongezeka, mruko hupungua, na mwendo huonekana laini. Tena mchezaji huona mapema kidogo jambo linalotokea. Lakini twaona pia kwamba faida haiongezeki sawasawa. Sekunde moja ina milisekunde 1,000. Kioo cha 60 Hz hukaa na picha moja kwa milisekunde 17 hivi, cha 144 Hz kwa 7, na cha 240 Hz kwa 4. Kutoka 60 hadi 144 umepunguza milisekunde 10. Kutoka 144 hadi 240 umepunguza 3 tu. Hatua ya kwanza jicho huiona kwa urahisi. Ya pili huwafaa zaidi wachezaji wa mashindano.

3. Kioo hakitengenezi picha

Hapa ndipo wengi hupotea. Picha hutengenezwa na kompyuta, hasa na kadi yake ya picha. Kazi ya kioo ni kuzionyesha tu. Mashine ya kusaga haiwezi kutoa unga kuliko mahindi yaliyotiwa. Kadhalika kioo cha 144 Hz kikiletewa picha 40 kwa sekunde, mchezo utaonekana wa picha 40. Kompyuta ndogo za ofisini zisizo na kadi ya picha ya peke yake mara nyingi hazifikishi hata 60 katika michezo mizito.

Jambo hili linawahusu pia wenye mabanda ya michezo mitaani. PlayStation 4 haitoi zaidi ya picha 60 kwa sekunde. Mwenye banda akiinunulia kioo cha 144 Hz, hataongeza picha hata moja. PlayStation 5 yaweza kufika 120, lakini kwa michezo iliyotengenezwa hivyo.

Kwa hiyo pima kwanza. Michezo mingi ina mahali pa kuonyesha idadi ya picha kwa sekunde. Ikiwa kompyuta hutoa 50, fedha ziende kwanza katika kompyuta. Ikiwa hutoa 100 au zaidi, basi kioo cha kasi kitakufaa.

4. Mambo ya kuangalia dukani

(a) Waya. Kwa kioo cha nukta 1920 kwa 1080, HDMI ya aina 1.4 kwa kawaida hufika 120 Hz. HDMI 2.0 na DisplayPort 1.2 huweza kufika 240 Hz. Tundu la kompyuta, waya na tundu la kioo vyote vikubaliane.

(b) Idadi ya nukta. Kioo cha 1920 kwa 1080 kina nukta 2,073,600. Cha 2560 kwa 1440 kina 3,686,400. Kompyuta ile ile itatoa picha chache zaidi katika kioo chenye nukta nyingi.

(c) Kulingana kwa kasi. Vioo vyenye FreeSync au G-Sync hufuata kasi ya kompyuta, na hivyo picha haikatiki katikati. Kwa kompyuta ya nguvu ya wastani, sifa hii ina faida kubwa.

(d) Kujaribu. Usinunue kioo kilichozimwa, hasa kilichokwisha tumika. Kiwashwe, kiunganishwe na kompyuta, utazame kama kuna nukta zilizokufa au mistari.

(e) Mpango. Ukifika nyumbani, ingia katika mipangilio ya kioo ndani ya kompyuta, uchague Hz iliyo kubwa. Mara nyingi kioo kipya huwekwa 60 mpaka mwenyewe abadilishe. Wako watu waliolipia 144 na wakatumia 60 mwaka mzima bila kujua.

5. Neno kwa wazazi

Mtoto akiomba kioo cha kasi, msimkatalie bure wala msimkubalie bure. Mwulizeni maswali matatu: Kompyuta yetu hutoa picha ngapi kwa sekunde? Waya wetu ni wa aina gani? Kioo tulicho nacho kina upungufu gani? Akijibu kwa tarakimu, amefanya kazi ya mwanafunzi. Akishindwa, fedha zibaki mfukoni. Sisi tunaokaa karibu na dhahabu ya Nyamongo twajua kwamba si kila king'aacho ni dhahabu.

Maswali

1. Kioo cha 100 Hz hukaa na picha moja kwa milisekunde ngapi?
2. Mpira wavuka nukta 1920 kwa nusu sekunde. Kati ya picha na picha huruka nukta ngapi katika 60 Hz? Na katika 120 Hz?
3. Kompyuta hutoa picha 70 kwa sekunde. Kuna vioo vya 75 Hz na 240 Hz. Utachagua kipi, na kwa nini?

Majibu: 1. Milisekunde 10. 2. Nukta 64, nukta 32. 3. Cha 75 Hz, kwa kuwa picha 70 hukitosha, na kasi iliyozidi itakaa bure.