Ndoa Imara ni Kazi ya Kila Siku

SOMO KWA WAKATEKUMENI

Mtu aliyejenga karibu na mto Aruwimi, huko Banalia, ajua jinsi maji yanavyoharibu ukingo. Mto hauangushi ukingo kwa siku moja. Maji hula udongo wa chini polepole, na juu majani yabaki mabichi kana kwamba hakuna hatari. Halafu siku moja ukingo waanguka pamoja na migomba iliyopandwa juu yake.

Ndoa nyingi hubomoka vivyo hivyo. Watu husema: "Ndoa ya fulani imevunjika jana." Lakini ilianza kuliwa zamani: kwa neno kali lisiloombewa msamaha, kwa fedha iliyofichwa, kwa safari ndefu isiyo na habari. Wahenga walisema: Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Somo hili lafundisha mambo mawili: kwanza msingi wa ndoa ya Kikristo, na pili namna ya kuziba nyufa zake mapema. Yafaa mkatekumeni ajifunze mambo haya kabla ya Ubatizo. Kwa maana neema ya Ubatizo haikusudiwi kukaa kanisani tu. Yataka kuingia katika nyumba yake, shamba lake na mfuko wake.

I. MSINGI WA NDOA

Mafarisayo walipomjia Yesu na kumwuliza juu ya kumwacha mke, Bwana aliwarudisha kwenye mwanzo wa dunia. Aliwakumbusha kwamba Mungu aliumba mwanamume na mwanamke, akawaunganisha wawe mmoja. Basi binadamu hana amri ya kutenga kile alichokiunga Mungu. (Soma Injili ya Mathayo, sura ya 19.) Kwa hiyo ndoa ya Kikristo ina sifa mbili: ni ya mume mmoja na mke mmoja, nayo yadumu mpaka kifo.

Ni kitu gani kinachofanya ndoa? Si karamu, wala nguo mpya, wala wingi wa mbuzi. Kanisa lafundisha kwamba ndoa hufanywa na ridhaa, yaani neno la kukubali litolewalo kwa hiari na wote wawili. Hakuna mtu mwingine awezaye kulitoa kwa niaba yao kwa nguvu, awe baba, mjomba au mkubwa wa ukoo.

Kanisa halikatazi mahari. Mahari yaunganisha jamaa mbili na kuonyesha heshima kwa wazazi waliomlea binti. Lakini mahari si bei ya mtu. Mzazi amlazimishaye binti yake kwa sababu amekwisha kula mahari afanya dhambi, naye aweka nyumba ya binti yake juu ya mchanga. Sheria ya Jamaa ya Kongo nayo, iliyotolewa tarehe 1 Agosti 1987 na kurekebishwa tarehe 15 Julai 2016, yadai ridhaa ya wote wawili, wala haikubali ndoa ya mtu aliye chini ya miaka 18.

Mkatekumeni aliyeoa zamani kwa desturi asidhani kwamba ndoa yake si kitu. Ikiwa ni ndoa ya kweli, na mume na mke wote wawili wakabatizwa, ndoa hiyo yenyewe yawa Sakramenti. Basi amweleze padri au katekista habari zote za ndoa yake bila kuficha, ili ichunguzwe vema.

II. MTU MWENYE WAKE WENGI

Hapa wengi husitasita. Mtu mmoja aomba Ubatizo, naye ana wake wawili au watatu. Afanyeje?

Mfano wa Mtakatifu Matia Mulumba wamfaa sana. Matia alikuwa mtu mwenye cheo katika nchi ya Buganda, naye alikuwa na wake wengi. Alianza mafundisho kwa Mapadre Weupe mwaka 1880. Alipofahamu mafundisho ya Kristo juu ya ndoa, alibaki na mke mmoja tu, akabatizwa tarehe 28 Mei 1882. Miaka minne baadaye, mwishoni mwa Mei 1886, aliuawa kwa mateso makali huko Kampala kwa sababu ya imani yake. Papa Paulo VI alimtangaza kuwa Mtakatifu pamoja na wenzake tarehe 18 Oktoba 1964. Mtu huyu aliweza kutoa uhai wake kwa ajili ya Kristo. Lakini kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuitengeneza nyumba yake.

Hata hivyo mtu asitumie Ubatizo kama njia ya kumtupa mwanamke aliyemchoka. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1148, yasema kwamba mke wa kwanza ndiye anayetazamwa kwanza. Ikiwa ni vigumu mume kukaa naye, aweza kubaki na mmoja wa wale wengine. Na sheria hiyo hiyo yamwagiza Askofu ahakikishe kwamba mke wa kwanza na wengine walioachwa wanapewa mahitaji yao, kwa haki na kwa mapendo. Basi mwanamke aliyelima, aliyepika na kuzaa watoto asifukuzwe mikono mitupu. Apate nyumba, shamba na msaada. Na watoto wake wabaki watoto wa baba yao, wale, wavae na kusoma kama wenzao.

III. NYUFA NNE ZA KUZIBA MAPEMA

1. Fedha na safari. Katika nchi ya Banalia wanaume wengi huacha shamba la mpunga na mihogo, huenda kwenye machimbo ya dhahabu na almasi. Kutafuta riziki si dhambi. Lakini tuseme mtu mmoja aondoka akisema, "Nitarudi baada ya miezi miwili," kisha mwaka wapita. Mkewe alima peke yake, alipa karo ya watoto kwa kuuza mafuta ya mawese, naye asikia kwa wapita njia kwamba mumewe amejenga nyumba nyingine huko machimboni. Mtu huyo hakuwaza kuvunja ndoa siku alipoondoka. Aliacha ufa tu, na maji yakaingia.

Dawa yake ni hii: mume na mke wapatane kabla ya safari juu ya siku ya kurudi, mume atume habari na fedha, kwa simu au kwa mkono wa mtu mwaminifu, na kila mmoja ajue mapato ya mwenzake. Mke naye asifiche fedha ya soko. Mashauri ya mali ni ya wote wawili. Hata serikali imeona hivyo, kwa maana sheria ya mwaka 2016 iliondoa kanuni ya zamani iliyomtaka mke apate ruhusa ya mumewe katika mambo mengi, ikaweka mapatano badala yake.

2. Shida ya watoto. Wengine huvunja ndoa kwa sababu mke hazai, au azaa wasichana tu. Mwenye Heri Maria Klementina Anuarite alizaliwa Wamba mwaka 1939, na baba yake alimwacha mama yake kwa sababu alizaa wasichana watupu. Lakini tazama: mmoja wa wasichana hao aliingia utawa wa Jamaa Takatifu huko Bafwabaka, na tarehe 1 Desemba 1964, huko Isiro, alikufa akiulinda usafi wake na kumsamehe aliyemwua. Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwenye Heri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985, mwanamke wa kwanza wa Kongo kupata heshima hiyo. Nani athubutu kusema kwamba mtoto wa kike ni hasara?

Tena elimu ya tiba yafundisha kwamba mbegu ya baba ndiyo iamuayo kama mtoto atakuwa wa kiume au wa kike. Na utasa waweza kutoka kwa mume au kwa mke; basi waende hospitali wote wawili, si mke peke yake. Ndoa isiyojaliwa watoto ni ndoa kamili mbele ya Mungu.

3. Hasira na mapigo. Mtume Paulo aliwaonya Waefeso wasiiache hasira ipite mwisho wa siku. Marehemu Papa Fransisko, katika waraka wake wa tarehe 19 Machi 2016 juu ya jamaa, alifundisha kwamba nyumba yahitaji maneno matatu: tafadhali, asante, unisamehe. Maneno hayo ni mepesi kwa mgeni na mazito kwa mume au mke. Aliyekosa aanze, na kama wote wamekosa, mwenye imani kubwa zaidi ndiye aanze.

Kumpiga mke si desturi ya kulindwa, ni dhambi. Uvumilivu wa Kikristo si kukubali kuumizwa. Kanisa laruhusu mtu aliye katika hatari kubwa ya roho au mwili kuondoka na kujiokoa, naye atafute msaada wa padri na wa wakubwa wa kijiji.

4. Maneno ya jamaa. Wazazi waheshimiwe na kusaidiwa. Lakini mume asipeleke siri ya chumbani kwa dada zake, wala mke kwa mama yake. Shauri likiwashinda, watafute watu wawili wenye busara na imani, wanaozipenda pande zote mbili.

IV. SALA YA JIONI

Yafaa mume na mke wasali pamoja kila jioni, pamoja na watoto, hata kwa muda mfupi. Ni vigumu kusali Baba Yetu na mtu ambaye hutaki kumsamehe. Kwa hiyo sala ya pamoja huonyesha ufa ungali mdogo.

MASWALI NA MAJIBU

Swali: Ni kitu gani kinachofanya ndoa?
Jibu: Ridhaa ya mume na mke, itolewayo kwa hiari.

Swali: Mahari ni bei ya mke?
Jibu: Hapana. Ni alama ya heshima na ya umoja wa jamaa mbili.

Swali: Mkatekumeni mwenye wake wengi afanye nini?
Jibu: Abaki na mmoja kwa shauri la Kanisa, na kuwatendea wengine kwa haki, pamoja na watoto wao.

Swali: Nyufa zipi huharibu ndoa?
Jibu: Fedha iliyofichwa na safari isiyo na habari, dharau kwa sababu ya watoto, hasira na mapigo, na maneno ya jamaa.

AZIMIO LA JUMA HILI

Kila mkatekumeni aliyeoa au kuolewa amwulize mwenzake jioni moja: "Ni jambo gani nimekukosea, nisilolijua?" Asikilize mpaka mwisho bila kujitetea. Kisha waombe pamoja:

Ee Mungu, uliyebariki nyumba ya Nazareti, utulinde sisi na watoto wetu. Utupe kusema kweli, kusameheana upesi, na kushika ahadi yetu mpaka kufa. Amina.