Kupachika Picha Jongefu Ndani ya Programu ya Kompyuta

Mada hii huonekana nyepesi hadi siku unapobeba kazi yako kwenye flashi, ukaichomeka kwenye kompyuta ya msahihishaji, na programu ikasimama na ujumbe kwamba faili halikuonekana. Kwenye kompyuta uliyoiandikia ilikuwa inakwenda vizuri. Hakuna aliyeiharibu. Picha hukuwa umeipachika. Uliiambia programu tu mahali ilipo, na mahali hapo hukuondoka napo.

Tutatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: programu ndogo ya kuwafundisha wadogo zako wa kidato cha kwanza jinsi mbegu ya alizeti inavyoota. Nimechagua alizeti kwa sababu hapa Singida hakuna asiyeijua. Tuna picha sita: mbegu kavu, mbegu iliyovimba, mzizi unatoka, shina linapinda na kusukuma udongo, ganda limebebwa juu na majani ya mbegu, na mwisho majani mawili yamefunguka. Majibu ya mtihani utayaandika kwa Kiingereza, lakini hapa tueleweshane kwanza.

PICHA JONGEFU NI NINI

Umewahi kuchora mtu kwenye pembe ya kila ukurasa wa daftari, kisha ukazipeperusha kurasa haraka akaonekana anakimbia. Picha jongefu ni hiyo hiyo. Ni mfululizo wa picha mnato, kila moja ikiitwa fremu, pamoja na muda ambao kila fremu inakaa machoni. Hakuna kinachosogea. Lazima awepo wa kugeuza kurasa, na swali hili la nani anageuza ndilo linalowaangusha wengi.

Aina ya faili inayotumika sana kwa kazi hii ni GIF. Ilitolewa na kampuni ya CompuServe ya Marekani mwaka 1987. Toleo la mwaka 1989, linaloitwa GIF89a, liliongeza uwezo wa kutunza muda wa kila fremu, na muda huo huandikwa kwa sehemu za mia za sekunde. Ukiona 50, maana yake ni nusu sekunde. Kumbuka kipimo hiki, tutakutana nacho tena.

GIF ina mipaka miwili ya kukariri. Kila fremu haizidi rangi 256, kwa hiyo mchoro wa alizeti wenye rangi chache hutoka safi, lakini picha ya kamera ya machweo kwenye Ziwa Singidani hutoka na madoa kwa sababu ina rangi nyingi mno. Mpaka wa pili: GIF haibebi sauti. Katuni yenye sauti, kama Ubongo Kids unayoiona kwenye televisheni, ni video, si GIF. Ukiambiwa utofautishe viwili hivi, anza na sauti.

KUPACHIKA SI KUUNGANISHA

Tazama mstari huu wa Visual Basic:

PictureBox1.Image = Image.FromFile("E:\picha\alizeti.gif")

Huku ni kuunganisha. Programu inakwenda kuitafuta picha kwenye E: kila inapoanza. Flashi ile ile ikichomekwa kwenye kompyuta nyingine inaweza kupewa herufi F: au G:, na hapo picha haipatikani. Hata ukiinakili kwenye diski ya kompyuta, njia inayoanza na C:\Users hubeba jina la mtumiaji wa kompyuta hiyo, na jina hilo halipo kwa jirani yako.

Sasa linganisha na huu:

PictureBox1.Image = My.Resources.alizeti

Huku ni kupachika. Kabla ya kuandika mstari huu unafungua sifa za mradi, unaingia ukurasa wa Resources, na kuongeza faili la alizeti.gif. Programu inapotafsiriwa kuwa faili la exe, baiti za picha huingia ndani yake. Unaweza kulifuta faili la awali na picha ikaendelea kuonekana, na hicho ndicho kipimo rahisi cha kujikagua: badilisha jina la folda ya picha, endesha faili la exe, uone. Fanya jaribio hili kabla hujapeleka kazi popote.

Kupachika kuna gharama yake. Faili la exe linanenepa, na ukitaka kubadilisha picha lazima uitafsiri programu upya. Kwa hiyo usijibu kwamba kuunganisha ni kubaya siku zote. Duka linalobadilisha picha za bidhaa kila wiki litanufaika na kuunganisha, mradi picha zikae kwenye folda inayosafiri pamoja na programu. Kwa picha sita za alizeti zisizobadilika, pachika.

NANI ANAGEUZA KURASA

Inategemea chombo. PictureBox ya Visual Basic ya .NET hugeuza fremu za GIF yenyewe kwa kufuata muda ulioandikwa ndani ya faili. PictureBox ya Visual Basic 6, iliyotoka mwaka 1998 na ambayo bado imo kwenye kompyuta za shule nyingine, huonyesha fremu ya kwanza tu kisha inatulia. PhotoImage ya Tkinter katika Python nayo ni hivyo hivyo. Ukiona mbegu yako haioti, usikimbilie kusema faili ni bovu. Uliza kwanza kama chombo unachotumia kinajua kugeuza.

Kisichojua kinasaidiwa na taima. Hata kwenye .NET njia hii inafaa kuijua, maana inakupa uwezo wa kusimamisha, kurudisha nyuma au kuharakisha. Weka picha sita kwenye ImageList na kitu cha Timer kwenye fomu, kisha ndani ya tukio la Tick andika:

namba = namba + 1
If namba = 6 Then namba = 0
PictureBox1.Image = ImageList1.Images(namba)

Picha sita, lakini hesabu inaanzia 0 na kuishia 5. Ndiyo maana tunarudi 0 mara tu namba inapofika 6. Kigeu cha namba kitangazwe juu ya fomu, nje ya tukio. Ukikitangaza ndani ya Tick, kila mpigo kinazaliwa upya kikiwa 0, kinakuwa 1, na mbegu iliyovimba itakutazama mpaka umeme ukatike.

Zingatia pia ukubwa. ImageList huja ikiwa imewekewa pikseli 16 kwa 16. Usipoibadilisha sifa ya ImageSize kabla ya kuingiza picha, alizeti yako itatokea kama punje ya mtama.

Na kipimo cha muda kimebadilika. Interval ya taima ni kwa sehemu za elfu za sekunde, si za mia. Nusu sekunde iliyokuwa 50 kwenye GIF inakuwa 500 hapa. Mwanafunzi anayehamisha 50 bila kufikiri ataona alizeti ikiota yote kwa takriban theluthi moja ya sekunde.

Jambo la mwisho hapa ni kuganda. Fomu ina mfanyakazi mmoja anayepokea mibofyo, kupiga hesabu na kuchora. Ukimpa kitanzi kirefu cha For, au ukimlaza kwa Thread.Sleep ukidhani unaweka muda kati ya picha, hana nafasi ya kuchora, na picha inasimama pamoja na vitufe vyote. Taima haina shida hiyo kwa sababu kati ya mpigo na mpigo inamwachia mfanyakazi nafasi.

SWALI LA MFANO

Picha jongefu ya alizeti ina fremu 6, kila moja pikseli 200 kwa 150, rangi 256. Kila fremu inakaa nusu sekunde. (a) Kokotoa ukubwa wa data za picha kabla ya kubanwa, kwa kilobaiti. (b) Mzunguko mmoja unachukua muda gani? (c) Taja sababu moja kwa nini faili halisi la GIF linaweza kuwa dogo kuliko jibu la (a).

(a) Rangi 256 zinahitaji biti 8, yaani baiti 1 kwa pikseli. Fremu moja: 200 × 150 = 30,000. Fremu sita: 180,000. Gawa kwa 1,024: takriban kilobaiti 176. Onyesha hatua ya biti 8. Wengi huiruka na hapo ndipo alama inapokaa.

(b) 6 × 0.5 = sekunde 3.

(c) GIF hubana data kwa mbinu ya LZW, ambayo huandika kwa kifupi mpangilio wa rangi unaojirudia, bila kupoteza pikseli hata moja. Udongo wa rangi moja chini ya mbegu unajirudia mstari baada ya mstari, kwa hiyo unabanika sana. Ukiandika tu kwamba faili limepunguzwa ubora, umekosa.

Jaribu mwenyewe: fremu zikiongezwa kutoka 6 hadi 12 na mzunguko ubaki sekunde 3, Interval ya taima iwe ngapi? (Jibu: 250.)