Darasa la mirathi na kazi ya uhasibu: maswali na majibu

Kijana wa Chake Chake, Pemba, anataka kuwa mhasibu. Somo la mirathi ya Kiislamu litamfaa nini?

Litamfaa kuliko anavyodhani. Chukua mfano mmoja: mtu amefariki, ameacha mke, mama, mtoto wa kiume na mtoto wa kike. Mke ana thumuni (1/8), mama ana sudusi (1/6), na kinachobaki ni cha watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike moja. Kigawe kidogo cha shirika cha 8 na 6 ni 24, hivyo mke anapata 3, mama 4, zinabaki 17. Kwa kuwa 17 haigawanyiki kwa 3, asili, yaani idadi ya mafungu yote, inapandishwa hadi 72: mke 9, mama 12, mwana 34, binti 17. Jumla isipotimia 72 mwanafunzi anajua amekosea mahali, na kabla ya kuondoka ubaoni atapatafuta. Tena hagawi chochote mpaka gharama za maziko zitolewe, madeni yalipwe na wasia usiozidi theluthi utekelezwe. Kampuni nayo inapofungwa, wadai hulipwa kwanza, wenye hisa hungoja. Na Pemba kuna jambo la ziada, kwa sababu mali inayoachwa mara nyingi ni mikarafuu. Miti 72 shambani hailingani: mmoja ni mkongwe wenye mavuno mengi, mwingine ni mche ambao haujaanza kuzaa. Anayegawa kwa idadi peke yake atadhulumu mtu, hivyo inabidi kuthamini kwanza. Uthamini wa mali ni taaluma inayosomewa vyuo vikuu.

Hesabu hizo si zimo tayari katika Hisabati?

Zimo, lakini huko kosa humnyima mwanafunzi alama tu, ilhali katika mirathi kosa humnyima mjane haki yake. Uzito huo hufundisha umakini. Isitoshe, mirathi na hisabati ni ndugu wa zamani. Al-Khwarizmi wa Baghdad, aliyeandika katika karne ya 9 kitabu kilichoipa aljebra jina lake, alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa maswali ya wasia na mirathi. Yapo pia maswali ambayo mafungu yanazidi mali yenyewe. Mwanamke asiye na mtoto wala mzazi akiacha mume na dada wawili wa baba na mama mmoja, mume ana nusu na madada wana theluthi mbili, jumla 7 juu ya 6. Wanavyuoni huita hali hiyo auli: asili ya 6 inageuzwa 7, mume anachukua 3, kila dada 2, na upungufu unawagusa wote kwa uwiano. Mfilisi wa kampuni iliyozidiwa na madeni hufuata kanuni hiyo hiyo kwa wadai wa daraja moja.

Lakini ujuzi wa somo moja haufiki kirahisi kwenye kazi nyingine.

Hoja hiyo ni nzito na ina ushahidi. Mwaka 1901 wanasaikolojia Edward Thorndike na Robert Woodworth walionyesha kwamba mazoezi ya jambo moja husaidia jingine kadiri mambo hayo yanavyoshirikiana vipengele. Ndiyo maana sidai kwamba kuhifadhi mafungu kunamfanya mtu awe mhasibu. Ninachodai ni kwamba vipengele vya mirathi na uhasibu vinafanana waziwazi: uwiano, mpangilio wa madeni, uthamini, jumla inayopaswa kutimia. Hata hivyo mwanafunzi hataviona mwenyewe kama hakuna wa kumwonyesha.

Siku hizi zipo programu za simu zinazogawa mirathi.

Nazo zinasaidia, ila hugawa kile zilichoambiwa. Haziwezi kujua zenyewe kama shamba limeshatolewa wakfu, wala kama marehemu alikuwa na deni dukani. Kuuliza ni kazi ya kadhi, ya karani wake na ya mhasibu.

Basi walimu wa Hisabati na wa Dini katika skuli za Wete, Micheweni, Chake Chake na Mkoani wakae pamoja walau mara moja kwa muhula, watunge swali moja la mirathi lenye mikarafuu, madeni na wasia, walisahihishe pamoja mbele ya darasa, na wawaambie wanafunzi ni kazi gani zinazofanya hesabu hiyo kila siku.