Kufundisha Ususi na Ufumaji kwa Kushirikiana na Kikundi cha Utamaduni cha Kijiji

Azma ya makala haya ni kumwonyesha mwalimu mwanafunzi jinsi kikundi cha utamaduni cha kijiji kinavyoweza kusaidia kufundisha ususi na ufumaji. Tumechagua mfano wa Mitundu, kusini mwa Itigi, mkoani Singida. Wenyeji wa sehemu hizo ni Wakimbu, na jirani zao ni Wanyaturu, Wagogo na Wanyamwezi. Mwalimu apangiwaye huko kwa mazoezi ya kufundisha hukuta nyumbani kwa wanafunzi wake ungo, vikapu na mikeka, na hukuta pia wazee wajuao kuvitengeneza. Zana hizo na wataalamu hao ni hazina ambayo hakuna stoo ya shule iliyo nayo.

Msingi wa somo

Kabla ya kuandika andalio la somo, inafaa mwalimu ajue historia ya jambo analofundisha. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ilivuka nyika iliyoitwa Mgunda Mkali, kati ya Ugogo na Unyamwezi, yaani upande wa Manyoni na Itigi ya leo. Wapagazi walibeba majora ya merikani, nguo nyeupe ya pamba iliyopewa jina la nchi ilikofumwa, pamoja na kaniki kutoka India. Lakini watu wa bara hawakuwa wakingojea nguo za wageni ili wajisitiri. Richard Burton, aliyepita njia hiyo mwaka 1857, aliandika habari za Wanyamwezi waliosokota pamba na kufuma nguo katika vitanda vyao vya kufumia. Wafipa nao walikuwa wafumi mashuhuri. Nguo za viwandani zilipozidi kuingia, wafumi walipungua, na ujuzi mwingi ukazikwa pamoja na wenyewe.

Haikuwa hivyo kila mahali. Waganda wameendelea kutengeneza nguo ya gome la mti wa mutuba, linalobanduliwa na kupondwa kwa nyundo za mbao mpaka lilainike. Mwaka 2005 UNESCO ilitangaza kazi hiyo kuwa miongoni mwa tunu za urithi wa binadamu, na mwaka 2008 ikaingizwa katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Hapa Tanzania, katazo la mifuko ya plastiki lililoanza tarehe 1 Juni 2019 liliwapa watu sababu mpya ya kukikumbuka kikapu. Kwa hiyo somo hili linahusu riziki pia, wala si kumbukumbu za kale tu.

Kosa lililotufunza

Mwaka mmoja tulikwenda kumkagua mwalimu mwanafunzi katika shule moja ya msingi. Alikuwa amemwalika bibi mmoja msusi, akamketisha kwenye kiti nyuma ya darasa, kisha akaendelea kufundisha mwenyewe. Kila kundi lilikuwa na kitako cha kadibodi kilichochomekwa fito 16 kuzunguka ukingo, na wanafunzi walipitisha uzi juu ya ufito mmoja na chini ya ule unaofuata. Mzunguko wa kwanza ulikwenda vizuri. Katika mzunguko wa pili uzi ulipita palepale ulipopita mwanzo, na ukuta wa kikapu haukushika. Mwalimu aliwakaripia wanafunzi kwa uzembe.

Bibi aliinuka, akahesabu fito za kundi lililokuwa karibu naye, akaomba ufito mmoja, akauchomeka. Fito zikawa 17. Uzi ulipofika mwanzo tena, ulipita chini pale ulipokuwa umepita juu, na ukuta ukakaza. Bibi hakusema neno. Sisi wakufunzi tuliona haya pamoja na kijana wetu, maana andalio lile lilikuwa limepita mikononi mwetu.

Mpango wa somo

Somo hili linafaa Darasa la V, kwa vipindi viwili vya dakika 40.

Kwanza, mwalimu awatembelee wasusi wiki moja kabla. Awaeleze shabaha ya somo, awaombe wao wachague watakachofundisha, kisha asuke nao japo mizunguko michache. Asiyejaribu kwa mikono yake hataona mahali mwanafunzi atakapokwama.

Pili, darasani, msusi aongoze kazi ya mikono, na mwalimu aongoze maswali. Baadhi ya makundi yapewe fito 16, na mengine 17. Wanafunzi wasuke mizunguko mitatu, walinganishe, kisha waeleze sababu: idadi ikiwa shufwa, uzi hurudia njia yake, ikiwa witiri, njia hupishana. Hapo Hisabati na ususi vimekutana bila kulazimishwa.

Tatu, mwalimu awafundishe maneno ya kazi. Katika ufumaji, nyuzi zinazotandazwa kwanza ni mtande, na zinazopitishwa katikati yake ni mshindio. Wanafunzi waulize nyumbani maneno ya Kikimbu, Kinyaturu au Kigogo, wayaandike kando ya yale ya Kiswahili.

Nne, darasa liwe na daftari la urithi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kila kifaa iandikwe malighafi yake, wakati wa kuivuna, hatua za kukitengeneza na matumizi yake. Jina la msusi liandikwe akiridhia.

Heshima kwa kikundi

Kikundi cha utamaduni hakiitwi siku ya wageni tu, kicheze ngoma na kurudi nyumbani. Wanakikundi ndio wenye ujuzi. Vifaa vyao virudishwe salama, na kikapu kinachobaki shuleni kilipwe. Siku ya msimu wa kilimo wasiitwe. Kazi ya shamba haingoji. Mwisho wa muhula wanafunzi wawaonyeshe kazi zao, nao wazee waseme ipi imesimama na ipi italegea.

Tathmini

Somo limefaulu iwapo mwanafunzi anaweza kusuka mizunguko mitano bila kukosea, kueleza kwa nini fito ziwe witiri, na kumwonyesha mdogo wake nyumbani. Kipimo hiki cha mwisho ndicho kikubwa, kwani ujuzi ulioishia katika daftari haujarithiwa bado.

Zoezi: Kabla ya kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, chomeka fito 16, usuke mizunguko miwili, kisha ongeza mmoja, usuke tena. Andika ulichokiona, na utaje mtu mmoja wa kijijini kwenu ambaye ungemwomba akufundishe yaliyosalia.