Dondoo Muhimu: Funza na Sakafu ya Udongo

Kabla ya kumlaumu mtoto kwa uchafu, jambo ambalo ni dhuluma, mwenye nyumba wa Kakuyuni na aitazame kwanza sakafu yake. Kwani funza, aliyefika Angola mwaka 1872 kwa chombo kilichotoka Brazil, kisha akavuka bara hadi pwani yetu, hukulia katika vumbi kavu la udongo, hasa chumbani wanamolala watoto chini, na kiangazi humzidishia nguvu. Kwa hiyo saruji ni bora, na asiye na uwezo nayo aisiribe sakafu vizuri na kuinyunyizia maji kila siku. Mbwa na mbuzi wasilale ndani. Viatu vivaliwe, ingawa havitoshi peke yake, maana mtoto huvivua afikapo nyumbani. Ndipo miguu ioshwe kwa sabuni kila jioni na kukaguliwa vidole kwa taa. Aliyekwisha kuingiwa asichokolewe kwa pini wala mwiba, seuze pini moja kuzungushwa nyumba nzima, kwa khofu ya pepopunda na UKIMWI. Bali apelekwe zahanati, na yaulizwe mafuta ya dimetikoni, ambayo humziba mdudu pumzi akafia humo humo.