Bafu la Kupanga: Pa Kuweka Vitu Bila Kutoboa Ukuta

Mikataba mingi ya kupanga hapa Dar es Salaam ina sharti linalofanana: mpangaji asipige msumari wala kutoboa ukuta bila ruhusa ya mwenye nyumba. Mimi ni mpangaji wa miaka mingi, na naliona sharti hilo ni la haki, hasa bafuni. Kigae kikitobolewa, maji hupenya kwenye tundu, yanakaa nyuma ya kigae, plasta inavimba, na ukuta wa chumba cha pili unaanza kumomonyoka rangi. Isitoshe, mabomba ya nyumba zetu nyingi yamefukiwa ndani ya ukuta, na hakuna mtu aliyebaki na mchoro wa kuonyesha yamepita wapi. Tobo moja la kutundikia taulo linaweza kukuletea fundi bomba, fundi vigae na ugomvi na mama mwenye nyumba ndani ya wiki moja.

Lakini sharti hilo halikuondolei shida. Bafu la chumba master cha Sinza au Tabata linatosha mtu mmoja kusimama na kugeuka. Choo, sinki na bomba la mvua vimebanana humo, na mjenzi hakuweka hata kishubaka cha sabuni. Halafu una ndoo, beseni, kopo, brashi ya choo, dodoki, mafuta, dawa za kufulia, taulo za watu wawili. Nimehama nyumba kadhaa na kupanga bafu upya kila mara, na utaratibu ninaoufuata ni huu: uzito wote ukae sakafuni, vitu vya wastani vining'inie kwenye vitu ambavyo tayari vipo, na gundi ibebe vile vyepesi tu. Wengi huanzia kwenye gundi, ndiyo maana sabuni zao huangukia chooni usiku.

Anza na maji, kwa sababu ndiyo yanayokula nafasi kuliko kitu chochote. Mgao ukija, kila nyumba inahitaji akiba. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo jaba la lita 60 ni kilo 60, na hakuna rafu ya kubandika duniani itakayobeba hiyo. Tafuta jaba jembamba na refu badala ya pana, liweke kwenye kona iliyo mbali na bomba la mvua, na lazima liwe na mfuniko mgumu. Mfuniko huo sasa ni meza yako: beseni dogo lenye kopo na sabuni ya kuogea linakaa juu yake. Ndoo zichomekane moja ndani ya nyingine. Ukiwa na ndoo tatu zilizokaa kila moja peke yake, umepoteza nusu ya bafu.

Kati ya choo na sinki mara nyingi kuna upenyo ambao watu huuacha tupu. Hapo ndipo pa raki nyembamba ya plastiki, ile ya ghorofa tatu au nne inayouzwa vipande vipande na kuunganishwa nyumbani. Pima upenyo kwa futi kabla ya kwenda Kariakoo, usikadirie kwa macho. Chagua yenye matundu kwenye kila ghorofa ili maji yashuke yasituame, na miguu inayoinua ghorofa ya chini juu ya sakafu. Raki za chuma kilichopakwa rangi ziache dukani. Pwani hii hewa ina chumvi na bafu lina unyevu, rangi ikibanduka kidogo tu kutu inaanza, na duara la kahawia linalobaki kwenye kigae ni gumu kulitoa kuliko hata doa la gundi. Mwenye nyumba atalihesabu kuwa ni uharibifu, na hatakuwa amekosea. Kama ni lazima iwe chuma, iwe chuma cha pua au aluminiamu.

Baada ya sakafu, tazama dirisha. Madirisha yetu yana nondo, na nondo zile zimeshikwa na ukuta kwa saruji. Huo ni mtambo wa kutundikia uliopewa bure pamoja na nyumba. Nunua kulabu chache za umbo la S, za chuma cha pua, uzining'inize kwenye nondo ya mlalo. Dodoki, brashi ya mgongo, glavu za kuoshea choo na kikapu kidogo cha plastiki vyote hukaa vizuri hapo, tena hukauka kwa sababu upepo unavipitia. Dodoki lililolala kwenye sinki hunuka haraka, hasa masika, lakini lililoning'inia dirishani hudumu. Acha tu nusu ya dirisha wazi. Ukilijaza vitu, hewa ya mvuke haitatoka na utaanza kuona ukungu mweusi kwenye dari, na dari ya mwenye nyumba nayo imo kwenye mkataba.

Mlango ndio hazina kubwa zaidi. Hanga la juu ya mlango, lile bapa lenye kulabu tano au sita, halihitaji msumari hata mmoja. Kabla ya kununua, funga mlango wako uangalie kama juu kuna upenyo. Milango ya mbao huvimba wakati wa mvua, na mlango uliobana haufungiki tena ukiuwekea bati hilo. Pale hanga linapogusa mlango, weka kipande cha tyubu ya baiskeli. Kinazuia mikwaruzo kwenye rangi na kinanyamazisha ule mgongano kila mlango unapofunguliwa. Taulo, kanga ya kutokea bafuni na nguo za kubadilisha zinakaa hapo.

Kwa upande wa nje wa mlango, kama bafu liko ndani ya chumba chako, peleka vitu visivyotakiwa kuona maji: karatasi za chooni, pedi, sabuni ambazo hazijafunguliwa, dawa ya meno ya akiba. Fundi cherehani wa mtaani anaweza kukushonea pazia fupi la kitambaa kigumu lenye mifuko, kwa vipimo vya mlango wako mwenyewe. Mwambie mifuko iwe ya neti ili uone kilichomo bila kupekua, na pindo la juu alishone mara mbili kwa sababu ndilo linalobeba kila kitu.

Fimbo ya kujikaza, yenye springi ndani na mpira kwenye ncha zote mbili, inafaa sana pale kuta mbili zinapotazamana kwa karibu. Inabeba pazia la kuogea na vikapu viwili vyepesi. Hushikilia kwa msuguano peke yake, kwa hiyo futa povu la sabuni kwenye kigae na ukaushe kabla ya kuikaza, na usiiwekee uzito katikati. Kwenye ukuta wa plasta iliyopakwa rangi ya maji, fimbo hii huacha alama ya duara. Iweke kwenye vigae tu. Nyingine fupi chini ya sinki hubeba chupa za dawa za kupuliza kwa shingo zake, na sakafu inabaki wazi kwa kudeki.

Sasa tuje kwenye vya kunyonya na vya kubandika. Kikombe cha mpira kinachonyonya ukuta kwa kweli hakinyonyi. Hewa ya nje ndiyo inayokikandamiza, na ukiwa usawa wa bahari kama Dar nguvu hiyo ni karibu kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Kikombe cha upana wa sentimita 6 kingeweza, kwa hesabu, kuhimili kilo zaidi ya 25. Lakini hesabu hiyo inadai kingo zisivujishe hewa hata chembe, na kigae chenye maua ya kupapasika au mstari wa saruji kati ya vigae huvujisha. Kitumie kwenye kigae laini, katikati ya kigae, kwa mswaki au wembe, na ukibandike upya mara kwa mara.

Kulabu za gundi zina nguvu zaidi ukizipa muda. Futa kigae kwa spiriti ya duka la dawa, acha kikauke kabisa, bandika, kandamiza kwa kidole gumba, kisha usitundike kitu wala kurusha maji hapo kwa saa 24. Kwenye bafu linalotumika kila siku saa hizo hazipatikani, kwa hiyo bandika siku unayosafiri. Usibandike kamwe kwenye rangi ya maji wala chokaa, kwa sababu gundi inashika kuliko rangi inavyoshika ukuta, na siku ya kuitoa utaondoka na ganda zima. Siku ya kuhama, usiivute kwa nguvu na usiichokoe kwa kisu. Ipashe joto kwa drayeri ya nywele au kitambaa cha maji ya moto, pitisha uzi wa mshipi nyuma yake ukiusogeza huku na huku kama msumeno, na mabaki yasugue kwa mafuta ya kula kisha sabuni.

Kwa wanaotumia bafu la pamoja, mambo ni mepesi. Usiache kitu humo. Ndoo ndogo yenye mpini, iliyotobolewa chini kwa msumari wa moto, inabeba sabuni, mswaki na dodoki kwenda na kurudi, na chumbani inaning'inia nyuma ya mlango huku ikichuruzika kwenye kopo.

Kuna vitu ambavyo havifai kukaa bafuni hata nafasi ikiwepo. Dawa za hospitali huharibiwa na joto na unyevu. Jiki na dawa ya kusafishia choo yenye asidi zisikae kapu moja: zikimwagikiana hutoa gesi ya klorini, na katika chumba kidogo chenye dirisha dogo gesi hiyo ni hatari kwa mapafu, zaidi kwa watoto. Na kwenye hita ya maji ya umeme au waya wake, usitundike chochote, hata kikapu cha plastiki.

Ombi langu kwa anayehamia nyumba mpya: siku unayokabidhiwa funguo, kabla hujaingiza hata ndoo, piga picha za kuta za bafu, vigae, mlango na dari, umtumie mwenye nyumba siku hiyohiyo kwa simu. Muulize pia kama anaruhusu rafu moja ya kudumu ifungwe na fundi anayemwamini yeye, ibaki nyumbani kwake ukihama. Wengine hukubali.