Mwenye duara, andika wosia kabla ukoo haujakaa kikao

Wajane wawili Wasukuma wa Shinyanga walifiwa na waume zao, kisha shemeji zao wakawatoa kwenye nyumba walimokuwa wakiishi na watoto. Wakaenda Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ilikiri kuwa mila iliyowanyima urithi inabagua, lakini ikakataa kuifuta. Rufaa ikatupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya tarehe kwenye hati, hoja yenyewe haikuguswa. Mwaka 2015 ndipo Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kuondoa Ubaguzi dhidi ya Wanawake iliposema Tanzania imevunja haki zao. Hesabu miaka hiyo, kisha fikiria watoto walikula nini.

Kanuni iliyowaumiza imo katika Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963, Tangazo la Serikali Namba 436. Inasema mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake; yeye atatunzwa na watoto wake. Kwa hiyo, wewe unayeishi Kambarage, Shinyanga, na kuchimba dhahabu Geita, ukifa bila wosia na mirathi yako ikafuata mila, mkeo anaweza kuwa mgeni kwenye nyumba aliyoibebea maji ya kufyatulia tofali. Sioni haki hapo, na dawa yake unayo ungali hai.

Anza na kiwanja. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inawaruhusu mume na mke kumiliki kwa pamoja, na hati ikiandikwa hivyo bayana, mmoja akifa ardhi inabaki kwa aliye hai. Haiingii kwenye mirathi, na kikao cha ukoo hakina cha kugawa hapo. Wanaume wengi huandikisha jina moja kwa mazoea tu. Nenda ofisi ya ardhi ukaongeze la mkeo.

Yanayobaki yaandikie wosia. Kwa mila, wosia wa maandishi uwe na tarehe, uandikwe kwa wino usiofutika, nawe uwe na akili timamu. Mashahidi wawe wanajua kusoma na kuandika: ukiwa unajua kusoma, wasipungue wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki, ukiwa hujui, wanne, wawili wa ukoo na wawili baki. Mkeo naye ashuhudie. Wa mdomo pia unataka mashahidi wanne, ila baada ya mazishi kila mmoja hukumbuka la kwake. Ukitaka kumnyima mrithi, taja sababu. Mirathi ya Kiislamu ina mafungu yake, na humo wosia hauvuki theluthi moja ya mali.

Mali ya mchimbaji ndiyo rahisi kupotea. Duara nyingi, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, zinaendeshwa kwa maneno tu: mwenye leseni ana mgawo wake, mwenye duara wake, aliyetoa mafuta na chakula wake. Ukifa, anayejua ulikuwa na mifuko mingapi ya mawe karashani ni mwenzako wa shimoni, na si lazima aseme. Andika leseni ni ya nani, mgawo wako ni upi, nani unamdai na nani anakudai. Makubaliano yenyewe yaandikeni, nyote mtie sahihi. Ng'ombe uliowaacha kwa ndugu wakuchungie nao waandike, idadi na alama zao, pamoja na jina la anayewachunga.

Una mtoto na mwanamke mwingine kule machimboni? Mtaje kwa jina. Mila humnyima urithi wa baba mtoto wa nje ya ndoa, ingawa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto matumizi ya mali ya mzazi wake. Usimwache aanze kuthibitisha damu yake mbele ya matanga.

Wosia unaweza kuuhifadhi kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), benki au kwa wakili. Usiufiche sandukuni ambako wa kwanza kufungua ni mwenye tamaa. Na wewe mjane unayesoma haya, jua kwamba msimamizi wa mirathi si mmiliki. Akishateuliwa na mahakama ya mwanzo, ana miezi minne kupeleka orodha ya mali na madeni, kisha hesabu ya mgawanyo. Akikaa kimya, rudi mahakama hiyohiyo na cheti cha kifo mkononi, uombe aitwe ajieleze au aondolewe.